Kura Isiyongoja Amani

Tarehe 1 Agosti 1964 Kongo ilipata katiba mpya, na pamoja nayo jina jipya: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Siku nne baadaye Stanleyville, mji mkubwa kuliko yote kaskazini-mashariki, ulikuwa mikononi mwa waasi wa Simba. Serikali ambayo katiba yake ilikuwa imetoka tu kuthibitishwa na wapiga kura ilikuwa haina tena amri juu ya sehemu kubwa ya mashariki ya nchi.

Wapiga kura wenyewe walikuwa wamepanga foleni kati ya tarehe 25 Juni na 10 Julai. Uvira ilikuwa imeanguka tangu Mei. Albertville, ambayo leo ni Kalemie, ilitekwa siku chache kabla vituo havijafunguliwa. Huko Kwilu, magharibi, Pierre Mulele alikuwa msituni na watu wake tangu Januari. Na tarehe 30 Juni, kura zikiendelea kupigwa, jeshi la Umoja wa Mataifa lililokuwa limeishika nchi isisambaratike kwa miaka minne lilifunga virago. Ukitafuta siku mbaya za kuwauliza wananchi kama wanaikubali katiba, utahangaika sana kupata mbaya zaidi ya hizo.

Hata hivyo serikali iliuliza. Rais Joseph Kasavubu alikuwa amelifunga bunge mwaka uliotangulia, na tume iliyokaa Luluabourg kuanzia Januari hadi Aprili, chini ya Joseph Iléo, ilikuwa imeandika rasimu ya kuchukua nafasi ya Sheria ya Msingi, ile iliyotungwa na Wabelgiji mwaka 1960. Bila bunge, mtu pekee wa kuipitisha alikuwa mwananchi. Zaidi ya watu tisa katika kila kumi waliopiga kura walisema ndiyo. Neno la kuzingatia hapo ni “waliopiga”. Kule Fizi na Uvira, ambako wapiganaji walinyunyiziwa maji ya dawa wakiamini risasi zitageuka maji, hakuna aliyeulizwa.

Mwaka uliofuata ukawa zamu ya uchaguzi wa bunge, Machi na Aprili 1965. Muungano wa waziri mkuu Moïse Tshombe, CONACO, ulipata viti 122 kati ya 167. Sehemu zilizokuwa na mapigano zilicheleweshwa, na katika majimbo kadhaa matokeo yalifutwa, kura ikarudiwa. Mwishoni mwa Aprili hiyohiyo, wakati matokeo yakikusanywa, Mwajentina mmoja alivuka Ziwa Tanganyika usiku akitokea Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Fizi, akijiita Tatu. Ernesto Guevara alikaa milimani huko hadi Novemba bila kufanikiwa. Waliofanikiwa ni wengine: Oktoba, Kasavubu alimwondoa Tshombe, wanasiasa wakakwama, na usiku wa kuamkia 25 Novemba mkuu wa jeshi, Joseph-Désiré Mobutu, akachukua nchi. Katiba ya Luluabourg ilikuwa na umri wa miezi kumi na sita.

Mobutu naye aliitaka saini ya wananchi. Juni 1967 alipeleka katiba yake kwenye kura ya maoni na kutangaza kwamba karibu asilimia 98 wameikubali. Ilitangazwa rasmi 24 Juni. Tarehe 30 ndege iliyombeba Tshombe uhamishoni ilitekwa angani na kupelekwa Algiers. Tarehe 5 Julai mamluki wa kizungu waliasi Kisangani, kisha Jean Schramme akaenda kujichimbia Bukavu hadi Novemba. Katiba hiyo iliruhusu vyama visivyozidi viwili. Kwa vitendo kikabaki kimoja, na uchaguzi wa rais wa 1970, ambao wapinzani rasmi wa Mobutu walihesabiwa kuwa watu 157 nchi nzima, ulikuwa umeshahamia kwenye fani nyingine kabisa, fani ya maonyesho.

Wasomaji wa Kenya wanaijua habari hii kwa sura tofauti. Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952 ikiwa bado haijaondolewa. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kujiandikisha bila cheti cha utiifu, yaani uthibitisho kwamba alikuwa upande wa serikali dhidi ya Mau Mau. Matokeo yake ni kwamba Jimbo la Kati, nyumbani kwa Wakikuyu, lilimwangusha Eliud Mathu na kumchagua Bernard Mate, Mmeru, maana Wameru ndio waliokuwa na vyeti zaidi. Uchaguzi ulifanyika kwa utulivu. Wahesabuji hawakuiba kitu. Mambo yalikuwa yameamuliwa kwenye dawati la kuandikishia, na hapo ndipo pa kuangalia kila mara nchi yenye vita inapoamua kupiga kura.

Tukirudi Kongo, turuke miaka ya Mobutu na vita viwili vilivyofuata hadi Desemba 2002, wapiganaji walipotia saini Pretoria mapatano ya kugawana serikali. Joseph Kabila akabaki rais, chini yake wakawekwa makamu wanne: Jean-Pierre Bemba na Azarias Ruberwa, waliotoka kwenye makundi ya waasi, Abdoulaye Yerodia Ndombasi wa upande wa rais, na Arthur Z’ahidi Ngoma kwa niaba ya upinzani usio na silaha. Serikali ya namna hiyo, ambayo kila kiongozi ana walinzi wake na mashaka yake, ilipewa kazi ya kuandika katiba na kuipeleka kwa wananchi ndani ya miaka miwili, na nyongeza ya mwaka mmoja kama mambo yangekuwa magumu. Yakawa magumu. Juni 2004 makamanda waasi Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliiteka Bukavu kwa siku kadhaa mbele ya macho ya walinda amani.

Jirani yao Burundi aliwatangulia. Tarehe 28 Februari 2005, baada ya kuahirisha zaidi ya mara moja, Warundi waliipitisha katiba ya kugawana madaraka kati ya Wahutu na Watutsi kwa zaidi ya asilimia 90, huku FNL ya Agathon Rwasa ikiendelea kupigana vijijini nje kidogo ya Bujumbura. Kundi hilo halikusaini kusitisha mapigano hadi Septemba 2006. Lakini Burundi mtu anaweza kuivuka kwa gari kwa siku moja. Kongo ni jambo jingine.

Mtu aliyekabidhiwa zigo hilo alikuwa padri. Apollinaire Malu Malu, wa jimbo la Kanisa Katoliki la Butembo-Beni katika Kivu Kaskazini, aliongoza Tume Huru ya Uchaguzi katika nchi ambayo sensa yake ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1984. Hakukuwa na orodha ya raia. Hakukuwa na vitambulisho vya taifa. Kwa hiyo Juni 2005 tume ilianza kuandikisha kwa kompyuta ndogo, picha na alama za vidole, ikianzia Kinshasa na kusogea mkoa kwa mkoa, na mwisho wa mwaka daftari lilikuwa na majina zaidi ya milioni 25. Vifaa vilisafirishwa kwa helikopta za MONUC (walinda amani wa Umoja wa Mataifa), kwa mitumbwi, kwa baiskeli, na pale baiskeli iliposhindwa, kwa vichwa vya watu.

Kadi hiyo ya plastiki ndiyo iliyowavuta wengi. Kwa Mkongo wa Masisi au Djugu, aliyezoea kusimamishwa kwenye vizuizi barabarani na kuulizwa yeye ni nani na ametoka wapi, karatasi yenye picha na mhuri wa serikali ilikuwa na faida siku hiyohiyo, katiba ipite isipite. Wapo waliojiandikisha kwa ajili ya kadi tu, na sidhani kama kuna wa kuwalaumu. Kadi ya mpiga kura ikawa kitambulisho cha Wakongo kwa miaka mingi iliyofuata.

Walioachwa nje walijulikana tangu mwanzo. Sheria haikuwaruhusu askari na polisi kupiga kura, busara inayoeleweka katika jeshi lililotokana na kuchanganya maadui wa jana. Haikuwaruhusu pia walioko nje ya nchi. Hivyo makumi ya maelfu ya wakimbizi waliokuwa Lugufu na Nyarugusu, mkoani Kigoma, wengi wao kutoka Fizi na Uvira, hawakuwa na kauli juu ya katiba ya nchi waliyoikimbia. Baba zao hawakuulizwa 1964, nao hawakuulizwa 2005.

Kura ya maoni ilipigwa 18 Desemba 2005, na mahali pengine ikaendelea hadi kesho yake. Watu wengi waliingia chumbani bila kuwahi kuiona rasimu, achilia mbali kuisoma vifungu vyake zaidi ya 220. Étienne Tshisekedi na chama chake cha upinzani, UDPS, waliigomea, na Kasai ilimsikiliza: mahudhurio huko yalikuwa hafifu. Mashariki ilifanya kinyume. Kivu zote mbili, ambako milio ya risasi ilikuwa haijanyamaza, zilijitokeza kwa wingi na karibu kila kura ilikuwa ya ndiyo. Kitaifa, asilimia 62 ya walioandikishwa walipiga kura na asilimia 84 yao wakakubali.

Tofauti hiyo ya mashariki na magharibi inasema mengi. Mkazi wa Kinshasa aliipima katiba kwa wanasiasa walioileta, na wanasiasa hao alikuwa amewachoka. Mkazi wa Bukavu alikuwa na swali jingine: lini watu wenye bunduki watakuwa na mtu mmoja wa kumtii? Kwake katiba ilikuwa njia ya kufika kwenye uchaguzi, na uchaguzi ulikuwa njia ya kufika kwenye serikali moja. Alipiga kura kwa sababu ya vita. Wanaosema kura isubiri amani huwa hawamhesabu mtu huyu.

Uchaguzi wenyewe, 30 Julai 2006, ulikuwa na wagombea urais 33 na wagombea ubunge zaidi ya 9,000 kwa viti 500. Karatasi za kura zilichapwa Afrika Kusini, na katika baadhi ya majimbo karatasi ya ubunge ilikuwa na kurasa kadhaa, kubwa kama gazeti, mpiga kura akiifunua na kuifunga ndani ya kibanda cha makaratasi akimtafuta mtu wake kwa sura. Walinda amani wapatao 17,000 walikuwapo, na Ulaya ikaongeza askari wake. Macho yote yalikuwa Ituri na Kivu.

Bunduki zililia Kinshasa. Agosti 20, matokeo yalipoonyesha kuwa Kabila na Bemba wangeingia raundi ya pili, walinzi wao walianza kupigana mjini, na kesho yake mabalozi waliokwenda kumwona Bemba, pamoja na mkuu wa MONUC, William Swing, walinaswa ndani ya nyumba yake ikishambuliwa kwa silaha nzito. Raundi ya pili ilifanyika 29 Oktoba hata hivyo. Huko Fataki, Ituri, askari mlevi aliwaua wafanyakazi wawili wa uchaguzi, na wakazi kwa hasira wakaharibu vituo vya kupigia kura. Kabila alishinda kwa asilimia 58. Novemba wafuasi wa Bemba walichoma sehemu ya jengo la Mahakama Kuu, kesi yao ikiwa inasikilizwa humo.

Katiba iliyozaliwa katika mazingira hayo ilitangazwa 18 Februari 2006, na ndani yake kuna vifungu viwili vilivyowekwa jirani ambavyo havieleweki bila historia yote hii. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa idadi na urefu wa vipindi vya rais. Kifungu cha 219 kinakataza marekebisho yoyote ya katiba wakati wa hali ya vita, hali ya hatari au utawala wa dharura wa kijeshi, au wakati bunge haliwezi kukutana kwa uhuru. Waandishi walikuwa wamewaona Kasavubu bila bunge na Mobutu na asilimia 98 zake. Walijua kwamba kiongozi aliyebanwa na vita hupata hamu ya kuandika upya kanuni, na wakaifunga njia hiyo.

Hawakuifunga njia nyingine. Katiba haisemi kwamba uchaguzi usifanyike nchi ikiwa vitani. Mabadiliko ya 2011, yaliyofuta raundi ya pili ya uchaguzi wa rais, yalipita bungeni Januari bila kifungu cha 219 kuwa kikwazo, kwa kuwa hapakuwa na hali ya vita iliyotangazwa kisheria, hata kama misitu ya Kivu ilikuwa imejaa wapiganaji. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba rais hubaki ofisini hadi mwenzake aliyechaguliwa aapishwe. Kabila akabaki miaka miwili zaidi, mojawapo ya sababu zilizotajwa ikiwa ni kwamba mapigano ya Kasai hayaruhusu kuandikisha watu. Vita, ambavyo 2005 havikutosha kuahirisha kura, sasa vilitosha.

Kisha ikaja 26 Desemba 2018. Zikiwa zimebaki siku nne tu, tume ya uchaguzi chini ya Corneille Nangaa ilitangaza kwamba Beni, Butembo na viunga vyake, pamoja na Yumbi magharibi, havitapiga kura hadi Machi. Kwa Yumbi sababu ilikuwa mauaji ya kikabila yaliyotokea siku chache kabla. Kwa Beni na Butembo zilitajwa mbili: mashambulizi ya waasi wa ADF na Ebola, iliyotangazwa tangu 1 Agosti. Rais mpya angeapishwa Januari. Watu wapatao milioni 1.25 waliambiwa kwamba watapiga kura baadaye kwa ajili ya wabunge, na kwamba kwa upande wa rais kura yao haitahitajika.

Siku ya uchaguzi watu wa Beni walipanga foleni wenyewe. Walinawa mikono kwa maji ya dawa, kama walivyofundishwa na wahudumu wa Ebola, wakatumbukiza karatasi zao kwenye masanduku waliyoyatengeneza. Kura hizo hazikuhesabiwa popote. Tume ilipotangaza matokeo, Félix Tshisekedi, mtoto wa Étienne, alikuwa amemzidi Martin Fayulu kwa kura takriban 684,000, ambazo ni chache kuliko idadi ya walioondolewa. Beni na Butembo zilijulikana kuwa upande wa upinzani. Fayulu, na waangalizi wa Kanisa Katoliki waliokuwa na hesabu yao, walisema matokeo hayo si ya kweli, lakini hata mtu anayeyaamini yote hawezi kuikwepa hesabu hii.

Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na mauaji yalikuwa ya kweli. Masoko ya Beni na Butembo hata hivyo yalikuwa wazi, makanisa yalijaa, na wagombea walikuwa wamefanya mikutano. Kama umati ulikuwa hatari, ulikuwa hatari tangu Agosti.

Nangaa huyohuyo, Desemba 2023, alikaa mbele ya waandishi wa habari Nairobi na kutangaza muungano wa AFC, mwavuli wa kisiasa wa waasi wa M23. Mtunzi wa riwaya angeambiwa na mhariri wake kwamba hapo amezidisha.

Wakati huo Kivu Kaskazini na Ituri zilikuwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tangu 6 Mei 2021, magavana wakiwa wanajeshi na makamu wao polisi, bunge likiuongeza muda wake kila siku kumi na tano. Uchaguzi wa 20 Desemba 2023 ulifanyika katika hali hiyo. Beni na Butembo safari hii zilipiga kura. Masisi na Rutshuru, zilizoshikwa kwa sehemu kubwa na M23, hazikuandikishwa kabisa, na viti vyao bungeni vikabaki wazi. Kwamouth, karibu na Kinshasa, iliachwa pia kwa sababu ya mapigano yake. Kwa mara ya kwanza Wakongo wa nje waliruhusiwa, katika nchi tano: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani na Kanada. Tanzania haikuwa miongoni mwao, wala Uganda, ambako wakimbizi wa Kikongo ni wengi kuliko popote. Anayeishi Brussels alimchagua rais, wa Nyarugusu hakumchagua.

Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda tume ya kuandika katiba nyingine, akisema iliyopo ilitungwa na wageni, ughaibuni. Chama chake, UDPS, ndicho kilichoigomea kura ya 2005, kwa hiyo kwa upande huo hajabadilika. Miezi mitatu baadaye M23 waliingia Goma, na Februari 2025 Bukavu. Tangu hapo hoja za wanasheria zimegawanyika: upande mmoja husema kifungu cha 219 kinazuia marekebisho tu, na kwamba katiba mpya kabisa, ikipelekwa kwa wananchi moja kwa moja, si marekebisho, upande mwingine husema huo ni ujanja wa kukipita kifungu cha 220 kwa mlango wa nyuma. Kwa maoni ya mwandishi huyu, wa pili wana historia upande wao. Kasavubu na Mobutu wote walipeleka katiba mpya kabisa, na wote waliipeleka kwa wananchi moja kwa moja.

Kura ya maoni ya namna hiyo ingehitaji daftari la wapiga kura, na makao makuu ya mikoa miwili ya Kivu yako mikononi mwa waasi. Mkazi wa Beni mwenye umri wa kutosha amepiga kura ya rais iliyohesabiwa mwaka 2006, 2011 na 2023. Jirani yake wa Rutshuru alipiga 2006, 2011 na 2018. Uchaguzi mwingine wa rais, kwa mujibu wa katiba iliyopo, unatakiwa kufanyika Desemba 2028.